Kizibo Kimoja, Vichwa Viwili

Lifti ilikataa kunipandisha. Nilikuwa nimesimama ndani yake, kofia ngumu kichwani, pima maji mkononi, mafundi wakinisubiri ghorofa ya tisa wanieleze kwa nini ukuta umepinda. Lifti ikafunga mlango, ikafikiri, ikaufungua tena.

"Pole," ikasema, kwa ile sauti ya upole inayonikera kuliko vumbi la saruji. "Leo hali yako si nzuri. Ghorofa za juu hazikufai."

"Nani kakwambia?"

"Sikio lako."

Sikio ni kidude kidogo kama punje ya mahindi ambacho kila mgonjwa wa MS, ule ugonjwa unaokula mishipa ya fahamu, nchini hupachikwa nyuma ya sikio siku anapopewa majibu yake. Linafuatilia ninavyotembea, ninavyolala na ninavyozungumza, kisha linakadiria ubongo wangu umebaki kiasi gani. Na kwa kuwa halina siri, linawaambia na wengine. Limeuambia mlango wa nyumbani, limeliambia gari la kazini, na sasa lilikuwa limeiambia lifti ya kubebea matofali.

"Nipandishe," nikasema.

"Pole. Leo hali yako..."

"Nimechoka na nyie mashine. Nimechoka kabisa."

"Asante," ikajibu. "Imeandikwa kwamba umechoka."

Nikapanda ngazi. Mguu wangu wa kushoto haupendi ngazi. Ukifika katikati ya safari unaanza kuburuta ncha ya kiatu, na ilinibidi nisimame hapa na pale nikijifanya nakagua mabomba. Nilipofika juu nilikuwa nimelowa jasho, na Lameck, fundi mkuu wa lipu, alinipokea kwa tabasamu la mtu ambaye hakupanda kwa miguu.

"Shikamoo, bosi. Pole na ngazi."

"Marahaba. Huu ukuta kaupiga nani?"

"Lipu tumepiga sisi, bosi, ila aliyepindisha ni mashine iliyoujenga ukuta wenyewe. Sisi tumemfuata mwenzetu alivyoenda."

"Mwenzenu ni mashine?"

"Si ndiyo tunafanya naye kazi?"

Niliweka pima maji ukutani. Kiputo kikakimbilia pembeni kabisa. Nikamwambia Lameck nimechoka na sababu zake, nimechoka na lipu yake ya kulamba, na kwamba yote ibanduliwe kabla ya chakula cha mchana. Mafundi wakacheka chinichini. Wazazi wangu walinipa jina la Sechelela, ambalo kwetu Ugogo maana yake ni furahi, na saiti nzima inaujua utani huo.

Nilikuwa ningali nagomba Sikio liliponinong'oneza.

"Hongera, Sechelela. Umepewa Kizibo. Fika kliniki kesho asubuhi."

Nikakaa juu ya ndoo ya chokaa. Lameck aliacha kucheka, akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia hapana, nimepewa Kizibo. Naye akavua kofia yake, kwa sababu shangazi yake alikuwa na ugonjwa huu na hakukipata.

Kizibo si jina lake la hospitalini. Hilo ni refu na hakuna anayelishika. Wagonjwa ndio tuliokiita hivyo, kwa sababu kinaziba. Ubongo wa kila mtu hupungua kadiri anavyozeeka, taratibu, kama sabuni ya kuogea. Wa kwetu hupungua haraka zaidi, kwa kuwa kinga ya mwili imepotea njia na kazi yake ni kumenya ganda la mishipa ya fahamu, na mshipa ukikaa umemenywa mwishowe hufa. Kinachopotea hakirudi. Ubaya wake ni kwamba unaweza kujiona uko sawa leo, unatembea, unagombana na watu, kumbe ndani kumepungua, na miaka kadhaa mbele ndipo miguu, mikono na kumbukumbu vinapokuja kukuambia. Kizibo kinasimamisha kupungua pale pale kulipofikia. Unachomwa mara moja maishani, basi. Chupa huja moja kwa kanda nzima, mara moja kwa mwaka, na anayepewa ni yule anayepungua haraka lakini bado ana cha kuokoa.

Sikuwahi hata kuota kwamba ningekuwa mimi. Nililia pale kwenye ndoo, mbele ya mafundi, kisha nikawaambia wanaangalia nini.

*

Kliniki ya neva ipo nyuma ya hospitali, juu ya mteremko wa kokoto, na kila mgonjwa anayeburuta mguu lazima aupande. Aliyeichora ramani ile nimemtafuta siku nyingi nimpe maneno yake, sijampata.

Hamad Faki alikuwa amekwisha fika kwa siku yake ya kawaida ya kliniki. Yeye ni Mpemba, fundi cherehani, rika langu. Tulipewa majibu katika wiki moja, na tangu hapo tumekaa benchi moja, miaka yote hii, bila kumsikia akilalamika hata juu ya benchi lenyewe, ambalo ni la chuma. Alikuwa amevaa shati jeupe alilolishona mwenyewe zamani. Kifungo cha juu kilikuwa kimeingia tundu la pili, na vingine vyote vimelifuata kosa hilo mpaka chini. Mkewe, Zuwena, alikaa ubavuni pake akitazama mlango.

"Hujambo, dada Sechelela?"

"Sijambo. Wewe?"

"Mie sijambo, alhamdulillahi. Kazini kwema?"

"Kwema wapi. Mafundi wamenitoa roho."

Akacheka, akanipa mkono. Mkono ukapita pembeni ya wangu, ukasita, ukarudi, ukanipata. Sote watatu tukajifanya hatukuona. Nyuma ya sikio lake taa ilikuwa ya kijani, ile ya watu wasiohitaji chochote. Yangu ilikuwa nyekundu tangu mwezi uliopita.

"Hamad," Sikio lake likamuuliza, kama yanavyouliza yote kila asubuhi, "unaendeleaje leo?"

"Salama salmini, namshukuru Mungu. Nawe waendeleaje?"

Watu wa kwao hata mashine wanaijulia hali.

Nikaitwa ndani. Daktari Nkwabi ni kijana wa Kisukuma mwenye subira ndefu inayofanana na usingizi. Huniita mama, ingawa nimemzidi miaka michache tu, na nimechoka kumwambia. Alinionyesha mchoro ukutani, mstari mmoja mwekundu uliopanda siku zote za kazi na kulala chini kila Jumapili.

"Huu ni uchovu wako, mama. Katika ugonjwa huu uchovu ni dalili kubwa, na wako unatisha. Ndio uliokufikisha juu ya foleni. Kuna siku hutaji kitu kingine."

"Natajia wapi?"

"Kwa kinywa chako mwenyewe. Sikio linanakili."

"Nisikilizishe."

Hakutaka. Nikamkazia macho mpaka akabonyeza, na sauti yangu ikajaa chumbani. Nimechoka nawe, Lameck. Nimechoka na simenti inayofika jioni. Nimechoka na huyu mwenye nyumba. Nimechoka na jogoo wa jirani, wallahi nitamla. Ikaendelea hivyo, asubuhi mpaka jioni, na mimi nilicheka hadi nikashika meza.

Daktari hakucheka.

"Daktari, huko siko kuchoka. Huko ni kuchoka."

"Tofauti yake?"

"Mkeo akikwambia amechoka nawe, unamletea mto?"

Nikaona usingizi wote ukimtoka usoni. Akarudisha sauti nyuma, akasikiliza tena jogoo, akasikiliza tena simenti, na kila neno lilipotajwa mstari mwekundu ulipanda kidogo.

"Waliolitengeneza," akasema polepole, "watakuwa waliuliza neno la uchovu kwa Kiswahili ni lipi. Wakajibiwa."

"Wakaridhika."

"Wakaridhika. Na maneno ya mgonjwa yalipewa uzito mkubwa kuliko mwendo na usingizi, kwa sababu wagonjwa walilalamika kwamba madaktari hatuwasikilizi." Akajifuta uso kwa kiganja. "Picha ya ubongo ndiyo yenye kauli ya mwisho, lakini mashine ya picha ni moja kanda nzima, inamfikia mtu baada ya miaka miwili. Katikati tunaongozwa na Sikio."

Hapo kicheko kilinikauka. Kama mlalamikaji anapandishwa juu, basi asiyelalamika anashushwa chini, na mtu asiyelalamika nilikuwa nimemwacha nje kwenye benchi la chuma, vifungo vimepishana, taa ya kijani.

"Mama," daktari akasema, "chupa imekwisha fika. Ipo kwenye friji na imeandikwa jina lako. Mengine haya tunaweza kuyazungumza baadaye."

Alisema kwa nia njema. Na nitasema kweli, nilitamani sana kunyamaza. Nilifikiria ghorofa ya tisa. Nilifikiria shangazi yake Lameck, ambaye alimaliza maisha yake akigeuzwa kitandani na watoto wa watu. Nilimwambia daktari nahitaji hewa, nikatoka.

*

Nilidhani kuna njia nyepesi. Nilidhani nikimfundisha Hamad kulalamika, Sikio lake litapanda lenyewe, na mimi sitalazimika kusema lolote kwa mtu yeyote. Nikamvuta pembeni, kwenye kivuli cha tangi la maji, Zuwena akabaki benchini.

"Hamad, sema nimechoka."

"Nimechoka na nini?"

"Na chochote. Sema tu. Sikio lako lisikie."

"Aa, dada. Mtu mzima anasimama nje ya hospitali kusema kachoka? Kuna watu mle ndani hawawezi kugeuza shingo."

"Basi sema mikono inakusumbua."

"Hainisumbui."

"Umefunga vifungo upande."

Akatazama shati lake. Alilitazama muda mrefu, kama kazi ya fundi mwingine, kisha akavuta koti akajifunika.

"Vifungo vya siku hizi vidogo," akasema.

"Shati ulilishona mwenyewe, Hamad."

"Dada Sechelela, mie nimelelewa hivi. Mtu akinambia hujambo, namwambia sijambo. Nikimwambia nina jambo, nimemtwika mzigo ambao hakuuomba. Na nyumbani ndiyo zaidi. Zuwena hajui kitu, na sitaki ajue."

"Basi niambie mimi. Sindano unatunga?"

Akaificha mikono ndani ya koti.

"Hamad."

"Tangu mfungo uliopita situngi," akasema, kwa sauti ambayo Sikio lake, lililokaa pale pale nyuma ya sikio, sidhani kama lililipata hata neno. Kisha akanyoosha mgongo. "Lakini sijambo, alhamdulillahi."

Taa yake ikawaka kijani mara mbili, kwa furaha. Nilitaka kuing'oa kwa meno.

Nikarudi kwa daktari nikamwambia yote. Nikamwambia Sikio linamwamini mpole na mlalamikaji kwa usawa, na wote wawili hawasemi linachosikia. Nikamwambia mimi mguu unaburuta kidogo, basi, na kwamba atupige picha wote wawili leo leo. Nilisema hayo kwa ushujaa mkubwa kwa sababu moyoni nilikuwa na uhakika niko salama. Nilijihesabu mtu aliyepewa chupa kwa makosa ya lugha. Kurudisha kitu kisicho chako hakuhitaji moyo sana.

Daktari alibishana na watu wa picha kwenye simu, kisha akamtuma nesi akamwite Hamad.

*

Tulipotoka kwenye mashine ya picha, Hamad alikuwa ameelewa. Alinisubiri benchini, amesimama, ameshika ukuta.

"Umemwambia."

"Nimemwambia."

"Nilikutuma?" Sauti yake ilikuwa imepanda, na wagonjwa wote wakageuka, kwa sababu hakuna aliyewahi kuisikia pale ilipofika. "Nilikuja kwako nikakwambia nenda kanisemee? Nilikuwa na siri moja tu duniani, nawe umeichukua ukaitandika barazani watu waikalie. Huna haya, Sechelela. Ukiona watu wamenyamaza wadhani ni kwa kuwa hawana mdomo kama wako."

Lile neno dada lilikuwa limeondoka. Nilisimama nikaipokea yote. Nilitaka kumjibu, na majibu nilikuwa nayo, mengine mazuri sana. Aliyejibu ni Zuwena.

"Siri gani, Hamad?"

Akamtazama mkewe.

"Naokota sindano zako sakafuni kila siku," Zuwena akasema. Hakupandisha sauti, alikuwa anakunja kanga yake magotini. "Mashati ya wateja nayamalizia mie, ukilala mchana. Ulidhani yanajimaliza? Nami nilidhani ukitaka kunambia utanambia. Basi tumekaa hivyo, wewe hujambo, mie sijambo."

Hamad akakaa chini taratibu. Nesi akaniita mimi peke yangu.

Daktari Nkwabi alikuwa ameweka picha mbili juu ya kioo cha meza. Mimi kazi yangu ni majengo, na hata kabla hajasema niliona nyumba. Katikati ya ubongo kuna vyumba vya maji, na ukuta wa ubongo ukipungua, vyumba vinatanuka kujaza nafasi.

"Huyu ni Hamad," akasema. Vyumba vyake vilikuwa vikubwa, vimesukuma kila kitu pembeni. "Amepoteza mengi. Bado hajavuka mstari, Kizibo kinaweza kumsaidia. Ila yuko ukingoni. Mwakani atakuwa amevuka, na aliyevuka hatuchomi."

"Basi imekwisha. Mpe."

"Na huyu ni wewe."

Nilitazama. Nilidhani amekosea, ameweka picha ya Hamad mara mbili. Vyumba vilikuwa vile vile, vidogo kwa unywele tu.

"Sikio lilikosea sababu, mama. Jibu halikukosea. Unapungua haraka. Chupa ni haki yako hata tukifuta kila neno ulilowahi kusema."

"Na mwakani mimi nitakuwa nimevuka?"

"Sijui. Labda bado. Labda umevuka."

"Wewe ndiye daktari, unatakiwa kujua."

"Sijui," akarudia. "Na jina lililoandikwa ni lako. Sitaliondoa mimi. Ukitaka litoke, useme wewe."

Nilikasirika hadi nikaona giza. Nilikasirikia mashine zilizojifunza maneno yetu bila kutujifunza sisi, na mteremko wa kokoto, na kanda nzima inayoletewa chupa moja kana kwamba sisi ni mtu mmoja. Nilimkasirikia huyu kijana aliyeona mzigo umemzidi akanitwika kichwani. Zaidi ya wote nilimkasirikia Hamad Faki, ambaye ametoka kunitukana mbele za watu, na ambaye kwa adabu yake yote asingeweza kufungua mdomo akajiokoa. Nilikuwa naogopa. Sijawahi kuogopa hivyo juu ya jukwaa lolote la ujenzi. Chupa ilikuwa chumba cha pili na ilikuwa yangu, na nilichotakiwa kufanya ni kukunja mkono wa gauni.

Kupitia mlangoni nilisikia Hamad akimwambia nesi, kwa sauti iliyotulia tena, kwamba hajambo na wala asijisumbue na maji.

"Mpe yeye," nikasema.

"Mama, nenda nyumbani kwanza ufikirie."

"Nimefikiria. Huyu akikosa leo atawaambia asante, ataenda zake nyumbani, na hamtamsikia tena mpaka siku ya kumzika. Mimi nikikosa mtanisikia. Nitakuja hapa kesho, na keshokutwa, na wizarani wataniona hadi wanitengee kiti changu. Mdomo ninao, yeye hana. Mchome, ufunge mlango, usimwambie nani kasema."

Daktari akaandika, akamwita nesi, akampa karatasi. Nikasikia jina la Hamad likiitwa kule nje, nikasikia na Zuwena akisema twende, na miguu yao ikapita mlangoni polepole.

Nikavuta kiti nikakaa mbele ya meza, ili daktari asipate njia ya kutoka.

"Haya," nikasema. "Chukua simu, umpigie mkubwa wako. Tunaanza habari ya chupa yangu."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

Nikamsogezea simu, nikamsubiri apige.